Namna ya Kulipa Umeme wa Chumba Chetu

Tulirudi kutoka kanisani tukakuta mwenye nyumba amebandika tangazo kwenye mlango wa bafu, mahali ambapo kila mpangaji lazima apite. Lilikuwa la Kiingereza. Mama alilitazama, kisha akanitazama mimi. Kwetu ndivyo kazi inavyonifikia.

Nikasoma. Kuanzia mwezi ujao umeme wa nyumba nzima utatoka kwa kampuni nyingine, na kila chumba kichague: ama kununua kwanza kama tulivyozoea, ama kutumia kwanza halafu benki iwe inakata mwisho wa mwezi. Mnachagua kwa simu, mwisho Ijumaa. Chumba kisichochagua, mita yake itafungwa.

"Iyo ya mwisho wa mwezi," mama alisema kabla sijamaliza. "Tunachukua iyo."

Nilielewa kwa nini. Mama ni fundi cherehani. Anashonea hapa hapa La Rochelle, mtaa wetu wa Johannesburg, ndani ya chumba tunacholala, na wiki ile alikuwa na sare za kwaya. Umeme wa kununua ukiisha haukuagi. Pasi iko juu ya kitambaa, taa inazimika, na mimi natumwa spaza, kiduka cha mtaani, kununua namba za kuingiza kwenye mita. Nikirudi napiga magoti nabonyeza, nikikosea naanza upya, huku mama amesimama nyuma yangu na pini mdomoni.

Lakini pasi haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa, aliniambia huku akikunja kitambaa, ni kwamba anayelipa mwisho wa mwezi anatumiwa bili yenye jina lake na mtaa wake. Kila tunapoenda hapa Johannesburg wanataka tuonyeshe tunakaa wapi, na sisi hatuna ila barua ya mwenye nyumba, ambaye huiandika siku akijisikia.

"Nataka karatasi moja tu," mama alisema. "Yenye kusema niko naishi hapa."

Mimi nachukia simu. Hata darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, nasema sijui ili nikae chini haraka. Lakini Kiingereza cha mama kinaishia kwenye kiuno na mabega ya wateja, na papa, baba yangu, ni mlinzi wa usiku, mchana analala. Kwa hiyo anayepiga ni mimi. Benki ni mimi, kliniki ni mimi. Shule yangu mwenyewe niliwahi kuipigia nikijifanya mama, nikasema binti yangu anaumwa.

Jumatatu baada ya masomo nilipiga. Ukaja muziki, ukaisha, ukaanza upya. Mama alikuwa amesimamisha cherehani ili nisikie vizuri, na hilo likanizidishia woga. Mpangaji wa chumba cha nyuma, Mtanzania anayeshona viatu, alikuwa ameegemea mlango wetu.

"Mdogo wangu, ongea kama unadai," alinishauri. "Hiyo sauti yako hata mbu atakuomba urudie."

"Mwache mtoto," mama alisema. "Na wewe umeshachagua?"

"Mimi nanunua tu, mama. Nikikosa hela nalala mapema. Benki na mimi hatujuani."

Mwanamke wa kampuni akapokea. Nikampa jina la mama. Akataka namba ya kitambulisho. Nikasema kitambulisho hatuna, tuna karatasi ya kuomba hifadhi, nikamsomea namba yake. Akauliza inaisha lini. Nikamsomea na hiyo. Akasema pole, karatasi yenye muda mfupi hivyo hawaifungulii mkataba wa mwisho wa mwezi, kwa sababu ikiisha benki inafunga akaunti na wao hawana pa kukata. Sikuweza kubisha. Mwaka jana benki iliifunga akaunti ya mama tukiwa bado tunasubiri karatasi mpya. Nikasema sawa, nikasema asante, nikakata.

"Wanasema nini?"

"Wamekataa, mama."

"Umewaambia niko na kazi?"

"Hawakuuliza."

"Mpaka waulize? Umewaambia tuko hapa tangu ukiwa mgongoni?"

Nikaweka simu mezani.

"Unasema polepole sana. Mtu akisikia mtoto anaogopa, anakataa haraka."

Maneno hayo yalinichosha kuliko simu. Kutafsiri nimezoea. Kinachonimaliza ni kwamba nikileta "hapana" ya watu wengine, inafika nyumbani kama vile ni yangu.

Jumanne tukapiga tena. Safari hii niliweka spika, simu juu ya meza katikati ya kola za sare. Akapokea mwanamume. Nikamwambia yote: cherehani, kwaya, mgongoni. Nikaongeza hata ambalo mama hakuniagiza, kwamba hatujawahi kudaiwa na mtu. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka, mpaka Mtanzania akapunguza redio yake. Yule mwanamume alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Akasema ananielewa kabisa, ila mfumo haumruhusu.

Nikageuka kumtafsiria mama. Alinyoosha mkono kunizuia; kukataliwa alikuwa amekusikia mwenyewe. Alikuwa anaitazama simu.

"Muulize kama iyo ya kununua inatoa karatasi ya jina."

Nikauliza. Inatoa risiti, haina jina.

"Basi. Chagua iyo."

Nikachagua. Mwanamume akanisomea masharti, nami nikawa nasema ndiyo kila aliponyamaza. Mwishoni akauliza kama kuna jambo jingine la kunisaidia. Nilikaribia kucheka.

"Eish, mdogo wangu," Mtanzania alisema kutoka nje. "Nilidhani mna mgeni humo ndani."

Jioni papa aliamka kujiandaa na kazi. Alikaa kitandani akifunga kamba za buti.

"Na umeme? Mlipata ule alioutaka mama yako?"

Nikafungua mdomo kumweleza. Mama akajibu yeye, mgongo wake ukitutazama, anatunga uzi.

"Walikataa. Msichana amewaeleza kila kitu, nimesikia na masikio yangu. Ni wao hawataki."

Papa akatikisa kichwa, akaendelea na buti ya pili. Cherehani ikaanza kunguruma. Nikajilaza pembeni ya lundo la kola, bado nimevaa nguo za shule, na hakuna aliyenituma popote.