Chokaa Kwenye Jiwe la Mtemi

Enzi zetu, wenzangu mliokwenda shule na fagio kwapani na kidumu cha maji mkononi, chokaa ilikuwa sherehe. Mgeni mkubwa akitangazwa tu, kijiji chetu kule Nkololo kinageuka cheupe: mawe ya njiani, mashina ya miti, nguzo ya bendera. Hata kuku mzembe alipata doa lake.

Nyuma ya shule ulilala mwamba mpana wenye safu nne za vishimo. Wazee walisema mtemi na wanangwa wake, wale wakuu wa vijiji, walichezea hapo isolo, yaani bao, huku wakisikiliza kesi za ng'ombe. Bibi yangu Kabula aliufagia kila asubuhi, akaupaka samli kidogo, na hakuupita bila kuuamkia: "Mwangaluka, ntemi." Tulicheka, ila kwa mbali, maana fimbo ya bibi haikukosea.

Basi Mwenge wa Uhuru ukapangwa kupita kwetu. Mwalimu mkuu akaagiza mawe yote yanayoonekana kutoka barabarani yapakwe chokaa. Sisi wa darasa la tatu tulikuwa watiifu kupita kiasi. Ya njiani tuliyamaliza, ndoo bado ina chokaa, na ule mwamba ulionekana vizuri tu. Tukaupaka mpaka ndani ya vishimo, kisha tukajipongeza.

Bibi akatokea na mzigo wa kuni. Akautua, akakaa chini, akapitisha kidole ndani ya kishimo kimoja. Fimbo hakuigusa, na hilo lilinitisha zaidi. Akasema taratibu, "Wajukuu zangu, mmemvalisha mtemi sanda."

Jumamosi nzima tulisugua kwa majivu, mchanga na magunzi ya mahindi, kila mtoto na vishimo vyake, tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kishimo changu cha pembeni kilinishinda, nikakiziba kwa kiganja bibi alipopita kukagua. Aliniona. "Hako kalikobaki," akasema, "utakajibia mwenyewe siku moja."

Siku yenyewe imefika mwaka huu. Nilikwenda kijijini nikakuta wavunja kokoto wamehamia kilimani nyuma ya shule, na mwamba wetu umezama kwenye udongo na nyasi. Nilikwenda mbio kwa mtendaji wa kijiji. "Mama, nitalinda jiwe lipi?" akaniuliza kwa upole. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Akanipa mpaka kesho yake asubuhi nimwonyeshe, kabla nyundo hazijaanza. Nilisikia aibu, kwa sababu mimi nilijua miaka yote hiyo na sikumwambia mtu.

Nikafukua na binti wa dada yangu, ambaye alijipiga picha kumi na mbili kabla ya kung'oa nyasi moja. Enzi zetu jembe lilikuwa halipigiwi tabasamu. Vishimo vikatokea, mtendaji akaja, na msimamizi wa wavunja kokoto akatikisa kichwa: "Hivi tumetoboa sisi, tulikuwa tunajaribu patasi."

Nikapiga magoti kwenye kishimo cha pembeni, nikachokoa udongo mgumu kwa kijiti. Chini kabisa palikuwa na weupe.

Kijana mmoja wa nyundo akainama, akaugusa. "Hii si chokaa ya Mwenge? Baba anasimuliaga walivyosugulishwa jiwe Jumamosi nzima, wakila michembe." Akamgeukia msimamizi wake. "Bosi, hili tuliache. Baba ataniua."

Tukaliacha. Mtendaji akafurahi, akapendekeza hapohapo tulipake chokaa, wageni walione kwa urahisi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na baadaye yakaendelea kutoka bila kicheko.

Enzi zetu mwamba ule haukuwa na uzio, ulikuwa na bibi. Sasa una uzio wa miiba, na watoto wanasimama mbele yake wakipiga picha, wala hawauamkii. Siku ya kuondoka nilikwenda na gunzi mkobani, nikamalize ile kazi yangu ya Jumamosi. Nilikitazama kile kishimo, nikalirudisha gunzi mkobani.

"Mwangaluka, ntemi," nikasema, na binti wa dada yangu akashusha simu yake.