Bibi Aliyekaa Miguuni pa Wifi

Jambo hili sikuhadithiwa. Nilikuwemo ndani ya ndege ile, macho wazi, na akili zangu timamu.

Ni miaka ile mkoa wetu wa Manyara ulipokuwa ndiyo kwanza umemegwa kutoka Arusha. Mimi mzaliwa wa Masieda, nimeolewa Yaeda Chini. Dada wa mume wangu, yaani wifi yangu, alishikwa na uchungu, mtoto akawa hatoki. Mvua zilikuwa zimekata njia, magari hayapiti. Bahati nzuri ndege ndogo iliyoleta chanjo ilikuwa bado uwanjani, na rubani akakubali kutupeleka hospitali. Wifi akalazwa chini kwenye godoro, mimi nikakaa ubavuni kwake. Miguuni pake alikuwa ameketi bibi mmoja, amejitanda shuka la buluu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikadhani ni kelele za injini. Mtu akiomba lifti, nani atashangaa?

Uwanja wenyewe ni udongo mweusi, ukilowa unanasa. Ndege ikakimbia, ikakimbia, haikunyanyuka. Ikapita mwisho wa uwanja, bawa likagonga mti wa mgunga, tukalala ubavu. Kisha nikasikia harufu ya mafuta. Mlango ulikuwa upande wa chini, umebanwa na ardhi. Rubani alikuwa ameinamia usukani, damu usoni.

Bibi yule akanigusa bega. Niamini, mkono ulikuwa wa baridi, lakini ni mkono wa mtu kabisa. Akaniambia kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, bila haraka, kwamba nyuma kuna mlango wa mizigo, nivute kitasa kuelekea juu. Nikavuta, ukafunguka. Rubani naye akazinduka, tukasaidiana kumtoa wifi. Nikamwambia bibi atoke.

"Nyie nendeni," akasema. "Mimi nashukia hapa."

Tulipofika mbali kidogo moto ukawaka. Nikamwambia rubani kuna bibi amebaki, nikataka kurudi. Akanikamata mkono.

"Mama, tulikuwa watatu tu. Kule nyuma hakuna hata kiti, nilivitoa mwenyewe ili mgonjwa alale."

Moto ulipozimika wanaume wa kijiji walipekua majivu. Hawakukuta mtu. Wifi walimbeba kwa machela wakamvusha maji hadi kwenye gari lililosubiri ng'ambo, akafikishwa hospitali, akajifungua salama, mtoto wa kike.

Nikajiambia ilikuwa hofu tu. Nikaendelea kujiambia hivyo mpaka nilipokwenda kumwona wifi wodini. Kabla sijafungua mdomo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yule bibi aliyekuwa amenishika miguu, alitoka?"

Mpaka leo miguu ya wifi haipati joto, hata akiiweka karibu na moto. Hospitali wamepima, hawaoni ugonjwa. Mimi sijapanda tena ndege, wala sitapanda.

Nawe ukipatwa na jambo uwanjani pale, akatokea mtu kukuonyesha pa kutokea, toka. Usimwulize ni wa ukoo gani, na usirudi kumfuata.