Simenti ya Shirika la Kilio

Ndugu zangu, musicheke mapema, juu aibu hii ingali inanichoma mpaka leo, na kama musingeniuliza mbona nakataa kila cheo kanisani, singefungua kinywa. Ilikuwa wakati wa Zaïre, hapa hapa Kalemie, na mimi njo nilikuwa tresorye, mutunza feza wa shirika letu la kilio: kila mwezi kila nyumba inatoa feza kidogo, na muntu akifa, shirika linanunua sanduku. Basi. Hakuna aliyetaka kingine, ila tu asizikwe na mukeka kama mugeni asiye na watu wake.

Miaka ya kwanza mambo yalienda. Kisha feza ikaanza kutuozea mikononi (asubuhi unaweza kununua shati, magaribi unapata vifungo tu), na mimi, mwenye akili nyingi, nikasema tununue simenti ya kiwanda cha Kabimba, bei yake inapanda kila siku. Wakanipigia makofi! Tukapanga mifuko kwangu, chumba cha nyuma, chini kwenye udongo wenye unyevu, na kila mara wakisema tuuzishe kidogo, mimi: "Ngojeni kwanza, itapanda tena." Mvua zikaingia, zikaisha. Mimi bado nangojea bei.

Hapo njo akafa Papa Mulongo, muvuvi, muntu aliyetoa muchango hata miezi ya kukosa samaki. Seremala akakubali kupokea simenti kwa mbao zake, akaja kwangu na mukokoteni, na watu wa kilio wote nyuma yake. Akapiga mufuko wa kwanza na nyundo, ko! Akapasua karatasi. Jiwe. Wa pili, jiwe. Nikaurukia ule wa ukutani, jasho linanitoka, nasema "huu uko muzima, huu uko muzima," kumbe nao jiwe. Muntu mumoja akacheka, wamama wakamunyamazisha.

"Papa Tresorye," seremala akasema, "mbao yangu siwezi kuitoa kwa mawe."

Mama Mulongo, mujane, hakunitukana. Aliniuliza tu: "Papa, sasa bwana yangu atalala ndani ya nini?"

Nikavunja kitanda changu, lakini mbao zake hazikutosha muntu murefu vile, na jua lilikuwa linashuka. Mama akaingia nyumbani mwake, akatoka na mukeka wao wa kulalia, akanipatia mimi niubebe mbele ya wote.

Niliubeba. Tangu ile siku, muntu akiniletea feza ya watu nimuwekee hata usiku mumoja, nakataa. Mutaniita mwoga? Niiteni.