Alama za Akala

Nakumbuka Jumapili moja ya mwisho wa Oktoba, miaka ya sabini, tuliporudi kutoka kanisani tukakuta mlango wa baba umevunjwa na redio haipo. Redio yenyewe ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo. Wazee wa kijiji chetu cha Kalamba walikuwa wakija kwetu jioni kuisikiliza, na wengine walivua kofia kana kwamba msomaji wa habari anawaona.

Mwanangu, ninakuandikia haya kwa sababu juzi nilikusikia sebuleni ukibishana na wenzako kuhusu dhamana. Mmoja alisema polisi wapewe nguvu zaidi, mwingine akasema mshukiwa naye ni mtu. Wewe uliongea vizuri kuwashinda wote, na hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Mimi pia niliongea vizuri. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikisomea sheria, na mwezi mmoja kabla ya Jumapili ile nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi mzima nikitetea hoja kwamba asiitwe mtu mwizi kabla hakimu hajasema. Nilipigiwa makofi mengi. Baadaye tuligoma, kwa sababu ambayo siikumbuki vizuri, nadhani ilihusu chakula, chuo kikafungwa, nikarudi nyumbani na maneno yangu yote.

Ili nionekane mtu wa wananchi, nilinunua akala sokoni, vile viatu vya kukatwa kwenye tairi la lori. Baba alivitazama akaniuliza kama vile vya ngozi alivyoninunulia vimeibwa.

Basi siku ile ya redio, watu wakiwa wamejaa uani wakipiga kelele, mimi niliinama mavumbini kama mpelelezi. Niliona alama za akala zikitoka mlangoni kwenda upande wa kijito, safi kabisa, zenye mistari ya pembepembe kama meno ya msumeno. Nilizijua. Ng'ambo ya kijito aliishi Kilonzo, na Kilonzo alivaa akala za namna ile. Tena hakuwa mtu wa kanisa, kwa hiyo saa ile sisi sote tukiimba, yeye hakuwa nasi. Na aliwahi kufungwa kwa kupika pombe ya asali. Huko kwetu, kuku akipotea, watu walitaja jina la Kilonzo kwanza, halafu ndipo wakamtafuta kuku.

"Una uhakika?" baba aliniuliza.

"Ushahidi haudanganyi, baba."

Nilisema hivyo, mwanangu. Nikaenda kituoni kuandikisha taarifa. Koplo aliandika taratibu, ulimi umetokeza kidogo, na alipofika mwisho akaniambia, "Msomi akishasema, kazi yetu inakuwa rahisi." Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mrefu kidogo kuliko nilivyokwenda. Jioni ile walimkamata Kilonzo. Walimkuta amekaa kwenye kigoda akichagua mbegu za mahindi.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Kule Makueni, mvua ya kwanza ya vuli, ile ya Novemba, ndiyo mwaka wenyewe. Anayepanda siku ile anavuna. Anayechelewa wiki moja anapata mabua. Watu huchagua mbegu mapema, wanakaa wanatazama mawingu, na hakuna anayesafiri.

Mvua ilinyesha Jumanne. Jumatano asubuhi kila mtu alikuwa shambani na maksai wake. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shamba letu nikiwa na kitabu, nikimwangalia baba akilima, ndipo alipokuja Mama Mwende, mke wa Kilonzo, mtoto mgongoni.

"Wewe ndiye wakili?"

"Bado, mama. Nasoma tu."

"Ndiyo maana nimekuja, usome na hii. Jumapili baba Mwende alikuwa kwa nyanya Kavata, yule mjane, akimchimbia matuta tangu asubuhi. Nilimwambia koplo. Akasema mke wa mwizi ni shahidi wa mwizi. Nyanya mwenyewe amekaa pale mlangoni kwake tangu Jumapili, anangoja mtu amuulize. Hakuna aliyekwenda."

Nilianza kumweleza kuhusu alama. Nilitumia sauti ya ukumbini. Nilitaja mistari, nikataja pembe. Aliniacha nimalize.

"Inua mguu," akasema.

"Nini?"

"Mguu wako, wakili. Inua."

Ardhi ilikuwa laini kwa mvua. Niliinua mguu, na pale nilipokuwa nimesimama palibaki mistari ya pembepembe kama meno ya msumeno. Mtoto mgongoni mwake alinitazama kama hakimu.

"Tairi ni moja," alisema. "Fundi wa sokoni alilikata lote kabla ya mavuno. Nusu ya Kalamba inatembea juu yake. Sasa nenda ukawaambie wakufunge na wewe."

Nilikwenda kituoni mbio, lakini kwanza nilibadilisha, nikavaa viatu vya ngozi ili nipate heshima. Koplo alinisikiliza, akafungua kitabu chake, akanitazama miguuni.

"Jumapili ulikuwa na uhakika. Leo umekuja na viatu vingine na maneno mengine. Hiyo akala iko wapi?"

Ilikuwa nyumbani. Nikarudi kilomita sita kuileta, nikipita mashamba ambamo watu wote walikuwa wakipanda, na wote wakiniuliza nakimbilia wapi. Niliporudi kituoni nikiwa na akala mkononi, koplo alikuwa ameondoka na gari lilikuwa limempeleka Kilonzo mahakamani. Faili likishafika huko, niliambiwa, halirudi kwa kupigiwa mluzi. Dhamana ile niliyoitetea kwa ufasaha ilihitaji mdhamini, na hakuna mzee wa kanisa aliyetaka jina lake liandikwe kando ya jina la Kilonzo. Hatimaye, Jumatatu, baba alikwenda mahakamani mwenyewe, akiwa na nyanya Kavata na akala zangu ndani ya kikapu.

Kesi ilifutwa siku ile ile. Kilonzo alifika nyumbani siku ya nane tangu akamatwe.

Kesho yake baba alinipa maksai na plau. "Anza kwake," akasema. Hayo ndiyo maneno yake yote juu ya jambo lile, hadi alipofariki. Nililima shamba la Kilonzo kwa mistari iliyopinda kama hoja zangu, na yeye alinifuata nyuma akidondosha mbegu. Tulipofika mwisho wa mstari wa tatu nikamwomba msamaha. Alipangusa mikono.

"Kutoka kwenu hadi kwangu ni mwendo gani?"

"Dakika kumi."

"Na hadi kituoni?"

"Kilomita sita."

"Ungekuja ukaniuliza," akasema. "Ningekuwa nimekasirika, lakini ningekujibu." Kisha akawaongoza maksai kugeuka, tukaendelea.

Mvua ilikatika mapema mwaka ule. Mahindi yetu yalikuwa yamebeba. Yake yalitoa mbelewele, yakasimama, yakakauka. Familia ile ilikula mbaazi na kunde, na baba alipeleka debe la mahindi mara kwa mara, nami ndiye niliyelibeba. Mama Mwende alilipokea, akanishukuru, na hakuniita wakili tena. Redio haikupatikana. Na mpaka leo sijui kama alama zile zilikuwa za mwizi au zangu mimi mwenyewe nikienda kuoga kijitoni.

Kwa hiyo, mwanangu, bishana na wenzako, sheria zinahitaji watu wa kubishana. Lakini kabla hujataja jina la mtu mahali ambapo kuna kalamu na kitabu, nenda kwanza kwake ukamuulize alikuwa wapi. Muulize na yule bibi aliyekaa mlangoni akingoja. Ukiwa na uhakika mkubwa, tazama kwanza chini ya kiatu chako. Na ukigundua umekosea, usiende kubadilisha viatu. Kimbia vile vile ulivyo, maana kila saa unayochelewa kuna mtu shamba lake linakauka.

Mungu akupe masikio kabla ya ulimi. Na kila mwaka, mvua ya kwanza ikukute nyumbani kwako, mbegu mkononi.