Safari ya Kampala na Mstari Uliogoma Kuungana

Sikwenda Kampala kutembea. Nilikwenda kwa sababu dereva mmoja, Ramadhani, alikuwa mahabusu huko, akidaiwa kuuza njiani sukari aliyotoa Kampala kuipeleka ghala moja la Busia, upande wetu wa Kenya. Mimi ni karani wa ofisi ya msaada wa sheria Kisumu, na kesi yake tuliifanya pamoja na Wakili Ssempala wa Kampala. Kila mmoja wetu alikuwa na nakala ya jalada kwenye kompyuta yake. Unaandika hata pasipo mtandao, kisha mkikutana, au mtandao ukipatikana, nakala mbili zinaunganishwa kuwa moja. Mahali ambapo watu wawili wamegusa mstari uleule, kompyuta inasimama na kuuliza: ubaki upi?

Busia nilishuka kwanza kwa wapagazi wa ghala lile. Mtandao haukuwepo siku hiyo, nami sikuulilia. Nilikaa juu ya gunia tupu nikaandika maelezo yao mmoja baada ya mwingine. "Ile sukari tulishusha sisi wenyewe," alisema mkubwa wao. "Mwenye mali akisema haikufika, aje aulize mgongo wangu." Kwenye mstari wa msimamo wa mteja nikaandika: Anakana mashtaka.

Baada ya mpaka, basi lilipita Iganga, likavuka Nile pale Jinja, likaingia msitu wa Mabira ambako wachuuzi walituinulia vijiti vya nyama ya kuchoma madirishani. Nilinunua, nikala na kompyuta mapajani. Abiria wa pembeni aliniuliza nimebeba nini cha kukumbatiwa namna ile. Nikamwambia nimebeba mtu.

Kampala, mtaa wa Lubaga, nilipokewa na Bi Zamzam, mama yake Ramadhani, Mnubi ambaye babu yake aliletwa na jeshi la wakoloni. Kila akipata shida huambiwa arudi Sudan, nchi asiyowahi kuiona. "Weka mzigo, mwanangu, kula kwanza," aliniambia. "Maneno iko, haikimbii." Kesi ilikuwa keshokutwa.

Siku iliyofuata, mchana, nilikwenda Bugolobi, upande mwingine wa mji, ambako Ssempala ana ofisi ndani ya fleti. Tukaunganisha nakala zetu. Maelezo ya wapagazi yaliingia bila shida, na hoja zake za sheria pia. Kisha kompyuta ikasimama. Upande wangu: Anakana mashtaka. Upande wake: Anakiri kosa.

Nikamuuliza nani amembadilishia mtu kauli.

"Nnyabo, gereza mimi naijua," alisema kwa upole, akiniita bibi kwa Kiganda. "Selikali imekubali. Kijana akikiri, wanahesabu hii miezi amekaa ndani, kesho analala kwa mama yake. Nimemuonea huruma."

"Umemuuliza?"

"Nitamuuliza asubui, mbele ya hakimu."

"Mbele ya hakimu hamumuulizi. Mnamsukuma."

Alitabasamu, akanyoosha kidole kwenye kitufe. "Ya mwisho ndio inabaki. Yako ni ya jana, yangu ya leo."

Nikaifunga kompyuta, vidole vyake nusura vibanwe. Nilimwambia kwamba mwenye kesi si mimi wala si yeye, na mpaka asikike, mstari ule utakaa hivyo hivyo, mdomo wazi.

"Wakenya mko na kichwa ngumu."

"Kichwa kigumu ndicho kilichonifikisha hapa."

Nikapitia Wandegeya, jirani na chuo kikuu, kuchapisha maelezo ya wapagazi, nikisukumana na wanafunzi wenye tasnifu zao. Jioni nilimweleza Bi Zamzam yote. Alilia.

"Mimi nataka mtoto yangu nyumbani," alisema. "Hata leo."

"Basi kesho umwambie akiri?"

Alijipangusa machozi. "Nilimzaa mimi. Lakini mdomo ni yake."

Asubuhi, kwenye mahabusu ya mahakama, askari alituruhusu mimi na Ssempala tuzungumze naye kabla ya kuitwa. Ramadhani alikuwa amekonda. Nilimsomea mistari yote miwili, nikijizuia kukaza sauti kwenye wangu.

"Nikikubali, nalala nyumbani?" aliuliza.

"Leo hii," alisema Ssempala.

"Na nikikataa?"

"Sijui, ssebo, ndugu yangu. Inaweza kuwa mrefu."

Akashika nondo, akainamisha kichwa. Nilimwogopea, na nilijiogopea mimi pia, maana angesema anakiri ningelazimika kuandika.

"Nikilala nyumbani," alisema, "asubui watu wa Lubaga wanasalimia nani? Mwizi? Hapana. Andika nakana."

Nikafungua kompyuta palepale, nikachagua, jalada likaungana. Mbele ya hakimu alisimama wima, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Sikuiba, mheshimiwa." Dhamana ikakataliwa, kesi ikaahirishwa, akarudishwa gerezani. Bi Zamzam alinishika mkono akalia bila kujificha, nami nikalia naye. Ssempala alikusanya makaratasi yake akaondoka bila kuniaga.

Safari ya kurudi niliifanya na hasira, na shaka kidogo. Nilipofika Busia, kompyuta ikapata mtandao. Kulikuwa na mabadiliko mapya kutoka Kampala. Nikadhani Ssempala amerudia mchezo wake, nikafungua nikiwa tayari kwa vita. Mstari wa Ramadhani hakuugusa. Chini yake alikuwa ameandika maombi ya kuwaita wapagazi wangu wote mahakamani, ukurasa baada ya ukurasa, kwa hoja za sheria kali kuliko zote alizowahi kuandika katika jalada lile.

Nilichojifunza ni kwamba huruma nayo huweza kumwibia mtu kauli yake, na mwizi wa aina hiyo hujiona mwema. Ramadhani bado yumo ndani. Yumo akikana, na siku ya kesi nitavuka tena mpaka na wapagazi wangu nyuma yangu.