Lori la Rwezaura na Kilima cha Ng'ambo

Mwaka wa hamsini na nne, kijiji kizima cha Nyabiyonza kilijua kwamba lori la Rwezaura halina breki. Rwezaura mwenyewe alijua pia, ila hakupenda kulitaja jambo hilo. Lilikuwa kuukuu tangu alipolinunua Bukoba, na bado alilipakia kahawa, ndizi na watu, akilisifu kama fahali wa babu yake.

Mkewe, Kyarimpa, hakuwahi kulipanda.

"Limezeeka," alisema. "Mzee hupumzishwa."

"Mzee huheshimiwa."

"Basi liheshimu likiwa limesimama."

Siku moja akaja mkaguzi wa magari aitwaye Placidius, Mhaya wa Muleba, soksi zimemfika magotini. Akapanda mbele, kando ya Rwezaura. "Teremka mpaka bondeni, nione breki."

Rwezaura alitamani augue papo hapo, lakini mwili ulikataa. Akawasha. Lori lilipoona mteremko likachangamka.

"Simama kwenye mgomba ule."

Mgomba ukapita.

"Nimesema kwenye mgomba."

"Upi, bwana? Huku kote ni migomba."

"Basi simama kwa yule mama."

Yule mama alikuwa Kyarimpa, anakwenda gulioni kwa miguu. Akarukia mtaroni, kapu la mayai likaruka kwake. Rwezaura alipunga mkono kwa adabu zote, kana kwamba kupita kasi ndiyo nia yake.

Bonde likaja, likaenda. Lori likapanda kilima cha ng'ambo, likaishiwa pumzi, likasimama lenyewe. Rwezaura akashuka mbio, akatia jiwe nyuma ya gurudumu.

"Breki zako ziko wapi?" aliuliza Placidius, kofia ameibana kifuani.

"Ndicho hiki kilima, bwana. Hakijawahi kuniangusha."

Placidius alijikaza asicheke, akashindwa. Kisha uso ukambadilika. "Na ukikuta watoto wa shule bondeni?"

Rwezaura akageuka kutazama bondeni. Kyarimpa alikuwa anapanda kilima, vumbi mpaka kwenye kope. Rwezaura akateremka kumlaki.

"Nimekukosa," alimwambia kwa sauti ndogo.

"Mimi umenikosa. Mayai hukuyakosa."

Rwezaura hakungoja amri ya mkaguzi. Jioni ile alilikokota lori kwa ng'ombe wa jirani mpaka nyuma ya nyumba, akang'oa magurudumu kwa mikono yake, akisingizia mafua kila alipoonwa akifuta macho. Kyarimpa akaanza kuanika kahawa juu ya lori.

Baadaye Rwezaura alibeba ndizi kwa baiskeli. Kila penye mteremko alishuka, akaisukuma taratibu.

"Lakini hiyo ina breki mbili," vijana walimtania.

"Najua," alijibu, naye akaendelea kusukuma.