Tarehe ya Pili ya Papa Mukubwa

Jina langu sitaliandika hapa, ingawa haya yote yalitokea kwa ajili yake. Ni jina la Kifaransa, la kiume, la kawaida kabisa. Ukisimama asubuhi kwenye kituo cha tramu hapa Schaerbeek, kwa Wabelgiji, ukaliita kwa sauti, watageuka wazee wawili, na pengine mbwa mmoja. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu darasani hakuna anayekisoma, na wale wa nyumbani ambao wangekisoma hawana subira na mwandiko wangu.

Nyumbani hakuna anayeniita kwa jina hilo. Nililipata kwa kaka mkubwa wa papa, yaani baba yangu, kaka aliyebaki Bukavu, na maman hawezi kulitupa ovyo jina la shemeji yake, kulipigia kelele kila ninapomwaga maziwa. Basi tangu nikiwa mdogo ananiita shemeki, yaani shemeji. "Shemeki, kuya kula." "Shemeki, vua viatu, sakafu nimepangusa sasa hivi!" Papa ananiita mukubwa, wakati mimi ndiye ninayemwomba nauli ya tramu. Watanzania wangesema papa mukubwa, huyo kaka wa papa, ni somo yangu. Sisi tunasema homonyme, na si neno la kupita tu. Papa mukubwa alipokuwa akishonewa shati, fundi alikata kitambaa kilekile akashona na la kwangu, dogo, mfuko upande uleule. Alipoumwa jino alimtuma mtu aje kuangalia kama meno yangu yako sawa. Tulipohamia huku, kila barua yake ilikuwa na karatasi moja ya papa na moja yangu, na yangu ilikuwa na hesabu mbili za kufanya, kwa sababu ni mwalimu wa hesabu na haamini kwamba Wabelgiji wanafundisha vizuri.

Vita vilipofika Bukavu barua zilikoma. Simu ya kule ilikuwa inaita, ikaacha hata kuita. Wiki zikapita. Papa anasafisha ofisi, na akitoka kazini alikuwa anapitia Chaussée d'Ixelles, mtaa wanakokutana Wakongo, kumuuliza kila Mkongo aliyefika kutoka Nairobi au Kigali. Alirudi bila kitu, akala amesimama, koti mwilini. Maman aliosha sufuria zilizo safi. Mimi mguu wangu ulikuwa unatikisika chini ya meza, nyumbani na darasani, mpaka Madame wa historia akaniambia niuache mlangoni pamoja na mwavuli.

Madame huyo ndiye aliyetoa kazi. Kila mwanafunzi atafute watu watatu wa historia wenye jina kama lake, awabandike kwenye kipande kikubwa cha katoni, picha na maneno machache, kisha asimame mbele aeleze. Chini ya kila picha ziwe tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa.

"Asiye na tarehe ya pili," alisema Madame, "bado ni habari za gazeti. Hapa tunafanya historia."

Tatizo la kwanza: darasani tuko wawili wenye jina hilo. Mwenzangu ni Mbelgiji, mrefu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Madame akasema tugawane, tusichukue watu walewale, na kwa kuwa yeye yuko juu kwenye orodha, achague kwanza. Akachagua mfalme, mchoraji na mvumbuzi. Papo hapo, kama mtu anayeagiza frites, chipsi za huku. Ningeweza kusema jambo. Sikusema. Mimi mbele ya watu ulimi wangu unakuwa kama kitambaa cha kufutia ubao.

Maktaba ya mtaa ilinipa mtakatifu mmoja mwenye ndevu, na mtawa mmoja aliyeandika kamusi. Wa tatu niliyempata alikuwa afisa wa zamani aliyekwenda kwetu na bunduki, akarudi na nishani. Alikuwa na picha nzuri. Alikuwa na tarehe zote mbili. Nilinakili nusu ya maisha yake, nikafika pale alipochoma kijiji, nikafunga kitabu. Nilikaa pale najiuliza kama mtu huyu pia ni homonyme wangu, kama alipoumwa jino, na langu linahusika.

Jumapili, papa na maman wakiwa kanisani, mimi nikisingizia kichwa, nilimbandika papa mukubwa. Nilitoa picha yake kwenye albamu: amesimama mbele ya shule, shati lenye mfuko, chaki mkononi. Niliandika alizaliwa wapi, kwamba amefundisha hesabu watoto wasiohesabika, kwamba mshahara wa serikali ulipokoma alitengeneza cherehani za watu sokoni Kadutu mchana, na asubuhi akaendelea kufundisha vilevile. Niliona anamzidi mtakatifu. Nikaandika mwaka wa kuzaliwa, nikaweka kistari. Kile kistari kikabaki wazi.

Nasema kweli tupu: sikufikiri. Nilimfikiria Madame na kalamu yake nyekundu, nikajaza mwaka huu. Tena niliandika vizuri, kwa kalamu nene nyeusi, tarakimu zimenyooka. Kisha nikaegemeza katoni ukutani ikauke, nikaenda kunywa maji.

Dada yangu ana miaka saba na yuko katika ule wakati wa kusoma kila kitu kwa sauti: maboksi ya sabuni, matangazo ya tramu, barua za watu. Walirudi kanisani, naye akaingia sebuleni wa kwanza. Nilimsikia kutoka jikoni akisoma mtakatifu, akisoma mtawa. Kisha:

"Papa! Kumbe papa mukubwa alikufa?"

Nilitoka na glasi mkononi. Papa alikuwa amepiga magoti mbele ya katoni. Alisoma mara moja, akasoma tena, kisha akanigeukia na uso ambao sijawahi kuuona.

"Nani amekutelefonia?"

Niliiangalia glasi.

"Sema! Tulikuwa kanisani, simu ililia, ni nani? Ni ile muntu wa Nairobi nilimuachia namba? Juu ya nini hukuniambia? Kwa nini?"

Aliamini kwamba habari imefika nikiwa peke yangu, nikaogopa kuisema, nikaiandika. Kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika anachoogopa kusema, na papa ananijua. Ningefungua mdomo tu. Maneno mawili: nimebuni mimi. Lakini maman alikuwa ameshaweka mikono kichwani. "Shemeki! Ee shemeki yangu! Shemeki!" Na mimi ndiye shemeki, nimesimama pale na glasi, nasikia ninaliliwa. Nilikwenda chooni nikajifungia.

Mle ndani nilihesabu vigae. Thelathini na sita kwenda juu ukianza kwenye bomba. Kupitia mlango nilimsikia papa kwenye simu na shangazi wa Liège: "Ndiyo. Ndiyo, da. Mutoto ndiye alipata habari. Hapana, hawezi kusema, amejifungia, analia." Sikuwa nalia. Nilikuwa nahesabu tena, kwa sababu mara ya pili vilitoka thelathini na tano. Papa akapiga simu nyingine, kisha nyingine. Kila aliyopiga, nilijiambia nitatoka akimaliza hiyo.

Kwetu habari ya kifo haiketi. Nusu saa haikupita, kengele ya chini ikalia, na mamans wa kanisa wakaanza kupanda ngazi. Walikuwa hawajavua hata nguo za misa. Nilisikia viti vikisogezwa, meza ikiegemezwa ukutani ili watu wakae chini, sufuria ikiwekwa kwenye jiko. "Pole, maman. Pole sana, papa." Halafu sauti moja nene ikaanza wimbo, taratibu, na wengine wakaupokea, na nikajua kwamba wimbo huo ukifika ubeti wa pili sitaweza kutoka tena maishani.

Nikafungua mlango.

"Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa mno, kama ya mtu mwingine. "Ni mimi!"

Wimbo ukakatika.

"Weye nini?" papa akauliza.

"Ni mimi niliandika. Simu haikulia."

"Juu ya nini uliandika?"

"Juu ya Madame. Anataka tarehe mbili."

Dada yangu akaeleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba kazi ilikuwa ya watu watatu na mimi nilikuwa na wawili.

Yule maman wa sauti nene, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na kitambaa cheusi kichwani, alininyooshea kidole. "Donc muntu iko muzima?"

"Hatujui," papa akasema.

"Papa, hatujui, ni sawa. Hiyo 'hatujui' tulikuwa nayo tangu mwezi uliopita. Alors, tunalia nini hapa?" Akavua kitambaa, akajipepea nacho, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mwingine akapiga makofi mara moja, akafunika mdomo. "Mungu wangu, tumelilia mutu muzima! Na mimi niliacha nyama kwa moto!" Wakacheka, wale akina mama, wakacheka mpaka wakafuta machozi yaleyale waliyoyaanza kwa kulia. Walipoondoka, mwenye sufuria aliiacha. "Hii maharagi sirudi nayo kwa bus," akasema.

Papa hakucheka. Alirudia simu zake zote moja moja, kuanzia Liège. Kila mara alisema: "Ni kosa. Hapana, hatuna habari. Ni mutoto." Shangazi alimpigia kelele mpaka nikazisikia nikiwa upande wa pili wa chumba. Alipomaliza, alinikalisha mbele ya katoni.

"Huyu ni nani?"

"Papa mukubwa."

"Ni homonyme yako. Ulimuandika yeye, ulijiandika na weye." Alisema polepole, bila hasira, na ingekuwa nafuu angenipiga. "Miye kila siku natafuta muntu mmoja aniambie amemuona. Mmoja tu. Na ndani ya nyumba yangu tayari mulimumaliza."

"Pardon, papa."

"Kesho utawaambia. Si Madame peke yake kwenye mlango. Wote."

"Papa, sijui kusema mbele ya watu."

"Ulijua kuandika."

Jumatatu mwenzangu wa jina alitangulia. Mfalme wake alikuwa na nywele za bandia hadi kiunoni, na darasa lilifurahi sana. Kisha ikawa zamu yangu. Niliegemeza katoni ubaoni. Mtakatifu nilimmaliza haraka, mtawa haraka zaidi. Kwa papa mukubwa nilisimama, na mguu ukaanza.

"Hii tarehe ya pili si kweli," nikasema.

Madame aliinua kichwa. "Si kweli kivipi?"

"Niliitunga. Ni kaka wa baba yangu."

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Sijui."

"Mpigie umuulize!" mtu wa nyuma akasema, na wakacheka.

"Simu hazifiki," nikasema. "Yuko Bukavu. Au alikuwa Bukavu, watu wamekimbilia msituni. Baba anamtafuta."

Hawakucheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wanasikiliza. Madame hakuniambia niketi. Alisema tu, "Endelea." Basi nikaendelea. Nikasema anafundisha hesabu. Nikasema akikosea ubaoni anampa chaki mtoto aliyemwona, naye anakwenda kuketi kwenye benchi la mtoto yule mpaka somo liishe. Nikasema anatengeneza cherehani na hapendi zile za umeme. Nikasema hali ndizi, yeye peke yake katika ukoo mzima, na hataki kusema kwa nini. Nilisikia ninavyosema, hali, hapendi, anafundisha, na niliogopa kunyamaza, kama vile nikinyamaza nitakuwa nimefanya tena kosa la jana. Kengele ndiyo iliyonikatiza.

Kwenye korido mwenzangu wa jina alinikimbilia. "Sikiliza, unataka mchoraji wangu? Ninao watatu. Mfalme peke yake ananitosha."

"Hapana, baki naye."

"Kweli, chukua. Madame atakuhesabia."

"Asante. Baki naye tu."

Katoni zilirudi wiki iliyofuata. Yangu ilikuwa na maandishi mekundu pembeni: watu wawili tu. Nane kwa ishirini. Hapa alama ikiwa chini ya kumi mwalimu huinakili kwenye daftari la darasa na lazima mzazi atie sahihi, kwa hiyo nilimsubiri papa jikoni, nimeliweka daftari wazi mezani ili nisilazimike kusema.

Aliingia na koti lake. Siku hiyo alikuwa amesikia kwamba mtu mmoja wa Bukavu amefika Nairobi, lakini mtu huyo hamjui papa mukubwa. Alisoma daftari amesimama.

"Nane?"

"Ndiyo, papa."

"Juu ya nini nane?"

"Alihesabu wawili. Papa mukubwa hakumhesabu."

"Hakumhesabu."

"Anasema hawezi kuwa historia, kwa sababu hana tarehe ya pili."

Papa alilisogeza daftari kwenye taa, akaangalia yale maandishi mekundu kama mtu anayesoma muhuri wa ubalozi. "Maman!" akaita. "Kuya uone. Madame amekataa kumuhesabu." Maman alikuja na mikono yenye povu, akasoma na yeye, midomo ikicheza, akasema, "Aksanti, Mungu," akarudi kwenye sufuria zake.

"Angekupa kumi na tano, ningekuchapa," papa akaniambia. Akatia sahihi, akikandamiza mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Akauliza kama kuna kazi nyingine ya historia kabla ya mwisho wa mwaka. Nikasema hakuna.

"Bon," akasema. Akafunga vifungo vya koti ambavyo hakuwa amevifungua vyote, akatoka tena kwenda Ixelles kuuliza.